10001 na Mistari ya Mahindi

Kazi moja (Jumatatu), 11 Novemba 2024
Mwenze, mutoto wangu mwenye kuikala Kasaji, alifika na pikipiki. Muke yake amezaa, sasa anataka kubeba mujukulu wangu Glodie akabasaidie. Anasema masomo itangoja. Ndiyo — kama bukari ya jana, ugali ya kuchacha! Tukasikilizana hivi: mwalimu Edouard anachagua mutoto mumoja wa kwenda concours, mashindano ya hesabu, Lubumbashi. Akimuchagua Glodie, anabaki kwangu. Akimuacha, anapanda pikipiki kazi ine.

Mwalimu ametoa namba moja tu ya kubapima: 10001. Inagawanyika sawasawa, ao inakatala?

Kazi mbili, 12 Novemba
Glodie amegawa na 3, inabaki. Na 7, inabaki. 11, 13 — kila mara kitu kinabaki, sawa mugeni mwenye hajui kuaga. 4 na 6 hagusi: 2 imekatala, batoto yake batakubali namna gani? Kufika 47, machozi. Anasema namba za mbele hazina mwisho, hata Noeli itamukuta pale.

Nikamuambia aandike inakatala, akuje kukula.

Kazi tatu, 13 Novemba
Shamba, upande wa Mutoshi. Mi nachimba matundu, Glodie anaweka mbegu. Mistari 8, matundu 30 kila mustari. Nikazunguka upande mwingine nianze kufunika. Naangalia: mistari 30, matundu 8. Shamba ile ile!

Nikasimama na jembe. Basi mbegu zikiwa 10001, mistari ikipita mia, matundu iko chini ya mia. Zote mbili haziwezi kupita: mia mara mia, shamba imejaa, inabaki mbegu moja tu mukononi.

Mi sikuketi ku masomo hata siku moja. Hata herufi hizi, Glodie alinifundishaka. Lakini shamba naijua.

"Jana nilikupoteza njia," nikamuambia. "Usiandike inakatala. Enda mpaka mia, kisha usimame. Mbele ya mia ni wale wale, umebaona upande mwingine."

"Kambo, nani alikuambia?"

"Mahindi."

Kazi ine, 14 Novemba
Mwalimu anangoja karatasi saa mbili. Mwenze amekwisha kufunga mufuko ya Glodie ku pikipiki. Nikamupa chai. Hakunywa.

"Mama, namba haipikie muzazi."

Nikamuambia yeye pia hapikie mutu, na bado tunamukulisha.

Glodie ameketi ku mukeka, mulangoni. Mi naandika pembeni, mukono ipate kazi, nisimusumbue. 53, inabaki. 59, 61, 67. Inabaki. 71 — inabaki tena, mingi. Kufika mia zimebaki tano.

Mwenze amewasha pikipiki. Anapiga honi! Kuku zinakimbia.

73. Ameandika 137 pembeni, na hakuna kitu kimebaki. Anafuta, anaanza tena kutoka juu, pole pole, kidole chini ya kila namba. 137 tena.

Mwenze anamuita.

Hainue kichwa. "Tata Mwenze," anasema, "zima kwanza."