Vigingi Vyeupe, Kaka Mwita

Kaka yangu Mwita,

Shikamoo. Najua huitikii. Hata ulipokuwa hai, miaka yako ya mwisho hukuniitikia, kwa hiyo hapo tumezoeana.

Nimekumbuka ile miaka ya hamsini, tulipotoka Nyangoto kwenda pwani kutafuta kazi, tukaangukia uwanja wa gofu kando ya bahari. Wazungu wazima na akili zao wanafukuza kiyai kwa fimbo! Kazi yetu ilikuwa kupaka vigingi rangi na kuvichomeka. Mnyapara alitufundisha mara moja tu. Cheupe ni mpaka: mpira ukivuka umekufa, mwenyewe arudi alikotoka. Chekundu ni hatari ya maji: mpira ukiingia unatolewa, mtu anaongezewa pigo moja, mchezo unaendelea.

Sisi maji tuliyoyajua ni ya ziwa, yanayokaa palepale kama yana adabu. Tukachomeka vyekundu ukingoni kabisa, wewe ukipima kwa hatua zako ndefu. Mchana kurudi, bahari imepanda, vigingi vinaelea, vinatuaga.

"Mura, mdogo wangu, nani kayasogeza maji?" ukaniuliza.

"Si wewe uliyepima?"

Ukaingia hadi kiunoni na suruali yako ya pekee, unavikamata kama kuku waliotoroka. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nawe ukacheka. Siku hizo ulikuwa unajua kucheka.

Kisha baba akafa, tukarudi, tukagawana shamba. Wazee wakapanda mkonge mpakani, ikatosha. Mimi na utani wangu nikaona haitoshi. Siku uliyokwenda Bomani nikachonga vigingi, nikavipaka chokaa, nikavipanga pale kwenye mkonge. Nilitaka ukirudi ucheke. Kijiji kizima kingeona vijiti tu. Wewe peke yako ndiye uliyejua kuvisoma.

Ukavisoma. Ulisimama na sukari yako mkononi, ukasema taratibu, "Kwa hiyo mimi kwako nimekufa."

Ningesema natania, kaka. Neno moja tu. Badala yake nikasema, "Rudi ulikotoka!" nikacheka peke yangu.

Ukarudi. Watoto wako walivuka, kuku wako walivuka, wewe hapana. Mavuno kwa mavuno. Nami kiburi kikanizuia kung'oa vijiti ambavyo hata mbuzi angeving'oa.

Juzi tumekuzika, upande wako. Nilivuka mpaka nikiwa na jeneza lako begani, na hakuna aliyenifukuza. Afadhali ungenifukuza.

Jana nikanunua rangi nyekundu. Nimevipaka vyote, kimoja kimoja, magoti yakilia. Shemeji akaja na mikono kiunoni: "Shemeji, umelewa?" Nikamwambia bado. Yeye hajui kusoma vigingi. Wewe unajua.

Niongezee pigo moja, kaka. Niongezee hata kumi. Lakini vuka.

Mdogo wako,
aliyepima vibaya