Mpapai Dume Niliokata Juzi

Kosa la wengi ni kudhani mpapai dume hauna kazi kwa kuwa hauzai. Nimewafundisha watoto wa watu baiolojia mpaka nikastaafu, na juzi nilifanya kosa hilohilo kwa panga langu mwenyewe.

Leo ni Jumamosi. Mvua imekatika hapa Kipawa, lakini mawingu hayajaondoka. Naona aibu hata kutoka kwenda uani.

Rehema, binti wa jirani yangu, anaomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu katika chuo kimoja cha ng'ambo. Wanatafuta mtu wa kuchunguza jenomu za mimea, yaani vinasaba vyake vyote: kromosomu za jinsia zilitokeaje, na mazingira yanazigusa vipi. Mipapai inafaa, maana ipo ya kiume na ya kike. Wangu ulikuwa na ajabu yake. Ni dume, wa maua matupu, lakini msimu wa joto uliopita ulizaa vipapai vichache, kisha ukarudi kwenye maua. Rehema amejenga ombi lake lote juu ya mti huo. Usaili ni Jumatano.

Alikuja kuniambia wiki iliyopita. Alipotaja tu mpapai, nikamkatiza nikaanza kumweleza sehemu za ua. Nikaeleza mpaka chai ikapoa. Akaaga bila kumaliza lake.

Sikumsikiliza.

Juzi Mama Asha, jirani wa upande wa pili, akanitania juu ya ukuta: "Mwalimu, hilo dume unalifugia nini? Unalitafutia mchumba?" Nikacheka, nikachukua panga.

Asubuhi hii Rehema amekuja na vibahasha vya kukaushia majani. Akaniamkia, kisha akaona kisiki.

"Ah, Mwalimu! Si ndo huo niliokuja kukuomba?"

Akainama, akachambua majani yaliyonyauka. "Kwa kupima vinasaba, haya yatatosha. Ila wao wanataka mti ulio hai, tuone kama utazaa tena joto likirudi."

Hakunipandishia sauti. Afadhali angenigombeza.

Kwa mara ya kwanza nilieleza kwa ufupi: mpapai uliokatwa huweza kuchipua, na chipukizi ni mti uleule. Kinachouua ni maji. Shina lina uwazi katikati. Mvua ikijaa humo, kisiki huoza.

"Basi Jumatano nitawaambia uko hai. Usiniangushe, Mwalimu."

Ameondoka sasa hivi, nami nimekimbilia kuandika kwenye simu, kama kawaida yangu ya maneno mengi. Wingu limeshatanda upande wa uwanja wa ndege.

Mzee, weka simu chini. Chukua kopo tupu la rangi, ukafunike kisiki.