Kangaga la Chemchemi ya Ruwenzori

Jumatatu, 6 Mei. Butembo
Nimebadilisha magazeti ya kukaushia majani, kama kila asubuhi. Kazi bure. Profesa amelirudisha kangaga langu: halina spora, vumbi lake la uzazi, haliwezi kupewa jina. Bila jina sitetei kazi yangu ya kumaliza masomo wiki ijayo. Kosa ni langu. Nilichuma majani machanga, laini, kama anayechuma sombe, majani ya muhogo ya kupika. Mkono wa jikoni! Spora hukaa kwenye majani yaliyokomaa, chini ya ukingo uliojikunja.

Jumatano, 8 Mei. Beni
Nipo kwa shangazi, mtaa wa Ruwenzori hapa mjini. Pale chemchemi nilipochuma, limebaki shina moja tu. Ufa wa mwamba, kivuli, maji yanadondoka. Vikonyo vyeusi, vyembamba kama nywele. Majani madogo, maji huteleza juu yake, hayalowi. Kingo zimejikunja, lakini bado kijani. Lazima ziwe kahawia, ndipo spora zimekomaa. Labda Jumapili.

Mzee Paluku, msimamizi wa chemchemi: «Mwana wangu, samedi ni salongo. Ile majani inaleta nyoka. Tutakwangula yote.» Salongo ni kazi ya mtaa, haina msamaha; Jumamosi ni siku moja kabla. Nimemsihi. Amecheka.

Alhamisi, 9 Mei
Bado kijani. Milio ya risasi upande wa Mbau. Watu wanaingia mjini na magodoro kichwani. Foleni ya madumu chemchemini imefika barabarani, maji yamekuwa tope. Salongo ya kusafisha chemchemi imeletwa mbele: kesho. Nilikasirika, kisha nikaona haya. Watu wanatafuta maji, mimi nalilia jani. Bado nalilia.

Ijumaa, 10 Mei
Nimeenda na panga. Nimeomba sehemu yangu iwe mwamba. Kingo: nusu kijani, nusu kahawia. Nimechuma vikonyo kumi, nimevifunga kwenye gazeti. Mzee Paluku amesimama nyuma yangu. «Tosha na mizizi, mwana wangu. Hapana bakisha kitu.»

Ning'oe hata mizizi. Nilitaka kuacha kipande cha mzizi ndani ya ufa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ananitazama, dumu mkononi. Sikuacha.

Jumapili, 12 Mei. Butembo
Misa ya kwanza, kisha magazeti. Majani yamekauka. Chini yake, vumbi la kahawia kwenye karatasi. Kidogo. Ni spora. Zinatosha. Nimekaa kitandani bila kufanya kitu.

Mchana nimejaza lebo. Mahali: mwamba wenye maji, kivulini, Ruwenzori, Beni. Mchumaji: jina langu. Wingi, yaani mashina yaliyopo pale: nimeandika moja. Nimefuta. Nimeandika hakuna.