Siku Niliposema Tunamfahamu

Mama yangu uliyetangulia,

Nimechoka, mama, na jambo hili sitaki ulisikie kwa mwingine. Ungekuwepo ningekuja kukuambia uso kwa uso. Ungenifukuza kwanza, kisha ungeniita nirudi nimalizie. Jumapili iliyopita nilifanya kitu ulichonikataza.

Unakumbuka siku tulipomaliza kilio cha baba. Watu walikuwa bado wanakunja turubai wakati baba mdogo alipokuambia kwamba nyumba ni ya ukoo, na wewe si wa ukoo. Ukachukua godoro na masufuria. Ulipoinua cherehani yako, naye akaishika upande wa pili, akasema hata hiyo ilinunuliwa na kaka yake. Mlivutana kidogo mbele za watu, halafu ukaiachia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu mgongoni, nikingoja ulie. Hukulia. "Bakia nayo," ulimwambia. "Mungu iko anaona."

Tangu siku hiyo uliuza makala, makaa ya kupikia, kule mtaa wetu uitwao Kenya, wewe uliyekuwa unashona magauni ya maharusi. Ulirudi jioni na vumbi jeusi hadi kwenye kope, ukanawa, na huku unanawa unasema, "Atamupata tu." Mimi nikaamini Mungu ana rungu, na kwamba kazi yangu ni kukaa macho nisikose kuona likishuka.

Basi nikakaa macho. Nikisikia baba mdogo anaumwa, naenda misa nikiwa na furaha, Mungu anisamehe. Anapona. Gari lake likapinduka barabara ya Luano, akatoka bila mkwaruzo, akaja kanisani kutoa shukrani amevaa suti mpya. Nilikuambia Mungu alikuwa ameshamshika kabisa, kwa nini amemwachia? Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Mungu haiko sawa shiye," ulisema. "Haiko na mbio."

Lakini wewe ulikuwa nayo, mama, na mimi pia. Ukaondoka kabla yake. Pale hospitali ulinishika mkono ukaniambia, "Ule muntu, usimusamehe pa nafasi yangu." Nikakuahidi. Ahadi hiyo nimetembea nayo mpaka mabega yameniuma.

Sasa sikiliza. Baba mdogo aliuza nyumba yetu, mke akamfia, watoto wakatawanyika. Amekuja kuishi kwa binti yake, njia mbili tu kutoka kwangu. Na mimi wamenichagua niongoze shirika letu, zile familia za jirani zinazosali pamoja kila wiki. Unajua desturi yetu: mtu aliyekaa miaka bila sakramenti, akitaka kurudi, anasali na shirika na kulitumikia miezi sita. Mwishoni padri anauliza mbele ya wote kama shirika linamfahamu. Anayejibu ni kiongozi. Kiongozi akinyamaza, mtu anabaki nje. Ningecheka kama ningekuwa na nguvu.

Alikuja uani kwangu akasimama mbali. "Mama muongozi," aliniita, mimi niliyewaosha watoto wake miguu. "Nataka kurudia ku kanisa mbele nife." Nikamwandika. Sikumwita kwa jina lolote.

Nikampa kazi ngumu kwa makusudi, nisikufiche. Kubeba viti kwenye vilio, mzee yule na goti lake bovu. Kufagia kanisa peke yake. Nilikuwa nangoja achoke aache, nami nipate sababu safi ya kunyamaza. Hakuacha.

Katika mwezi wake wa tano wa kutumikia, jirani yetu mmoja alifiwa na mumewe. Siku ya kumaliza kilio, ndugu za marehemu wakaanza kuuliza funguo. Nilikuwa na sinia la bukari, ugali wa waombolezaji, mikononi, nikasimama palepale, maana maneno yao niliyajua yote kabla hawajayasema. Baba mdogo akaweka viti chini.

"Bandugu," alisema, "mumuachie ule mwanamuke nyumba yake. Miye nilifanyaka hii kintu. Nilifukuza muke ya ndugu yangu na batoto. Mutoto yake njo ule, iko na sinia."

Watu wote wakanigeukia. Wale ndugu wakatazamana, wakanong'ona, mmoja akatukana, lakini mwisho wakaondoka bila funguo. Yule mjane yuko nyumbani kwake mpaka leo.

Nilikasirika, mama. Nilikasirika kuliko siku ile ya godoro. Kwa nini alijua kusema kwa ajili ya mke wa mtu mwingine, na kwako wewe hakujua? Nililia jikoni nikisingizia moshi. Halafu likanijia wazo ambalo sikulipenda: kama Mungu angenisikiliza pale barabara ya Luano, siku hii nani angeweka viti chini? Nimejaribu kulifukuza wazo hilo. Haliondoki.

Jumapili padri akauliza. Mimi nikasimama, na watu wa viti vya mbele wakageuka kunitazama, kwa maana habari ilikuwa imeshaenea. Nilikaa kimya muda mrefu hata mwanamke mmoja nyuma yangu akakohoa. Uso wako niliuona vizuri. Nikasema, "Tunamfahamu."

Baada ya misa alinifuata. "Sina kintu ya kukurudishia, mutoto yangu."

"Najua, baba mudogo," nilimwambia. "Enda ukaikale, ile goti itakuuma."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu utoto wangu. Sikusikia malaika wala nini. Nilirudi nyumbani, nikavua viatu, nikalala mchana kweupe kama mgonjwa.

Sijamsamehe kwa niaba yako. Hilo nimeliacha mikononi mwako kama ulivyotaka. La kwangu nimeliachia, si kwa utakatifu, kwa uchovu tu, na sijui kama Mungu anapokea kitu cha namna hiyo. Nadhani amezoea kupokea vitu vibaya zaidi. Wewe uko karibu naye, muulize. Mshitaki baba mdogo akifika, ukitaka, sitakuzuia. Lakini kama bado unamngoja ukiwa umesimama, mama, kaa chini kidogo. Tumesimama muda mrefu mno, sisi wawili.

Ni mimi, binti yako mkubwa.