Samaki Nisiyeweza Kumwonja

Kibabi, Jumapili jioni. Mvua ilitutisha alfajiri, ikaacha wakati wa misa, na sasa ukungu umeshuka tena juu ya mashamba. Nimekaa mlangoni mwa duka, naandika kabla chaji ya simu haijaisha. Mikono bado inanuka moshi na mawese.

Leo samaki walitaka kunihamisha kijiji.

Nieleze vizuri, maana nafsi yangu yenyewe bado haijatulia. Mimi ni Mnande wa Butembo. Mume wangu Kambale nami tulifungua duka hapa Kibabi kabla ya mavuno ya mahindi yaliyopita. Watu wananunua chumvi kwetu, sabuni, betri za tochi. Wananisalimu vizuri, wanamuuliza binti yangu Grâce habari za masomo. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kula kwangu. Nikimkaribisha mtu, utasikia: “Asante, Mama Grâce, nimeshiba,” na hapo ametoka shambani, mate yamemkauka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nimejinunulia mwenyewe, na bado ni mgeni.

Kambale yuko Walikale kununua mawese na samaki wa moshi. Siku anaondoka aliniambia akirudi tutakata shauri: kama watu hawajatuzoea, tunafunga duka, tunarudi Butembo. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka kubisha hodi.

Mimi sitaki kurudi. Grâce ameacha kulia asubuhi akienda shule. Maharagi yangu nyuma ya nyumba yametoa maua. Nayapenda hata haya mabaridi ya Masisi ambayo wenyeji wenyewe wanayalalamikia. Kwa hiyo Papa Anselme, mkubwa wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya kanisa, alipotangaza kwamba siku ya sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wetu, kila nyumba italeta sufuria yake na tutakula pamoja, nilisema moyoni: hapo hapo. Nitapika kitu ambacho hakuna mtu ataweza kusema ameshiba.

Wiki nzima nimekuwa nikiwaza chakula tu. Nimehudhuria karamu nyingi za namna hii, najua kinachoisha na kinachobaki. Maharagi hayaishi, kwa sababu kila mama mwenye haraka analeta maharagi. Viazi ni vya kujaza tumbo, vinaliwa bila sifa. Sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, inakwenda haraka kama mpishi hakuyafanyia mawese uchoyo. Wali unategemea jirani yake: ukikaa karibu na nyama unaisha, ukikaa karibu na kabichi unalala pale pale. Jibini ya hapa kwetu ukiikata vipande, watoto wataimaliza kabla ya sala ya chakula.

Lakini samaki wa moshi kutoka Walikale, walioiva taratibu ndani ya mawese? Huku milimani, mbali na mito mikubwa, hicho ni chakula cha kuota. Kambale alikuwa ametuma mzigo kwa pikipiki. Walikuwa wa kuuza. Nikachagua wanono, nikawaweka kando, na dhamiri haikunisumbua hata kidogo.

Sasa kuna jambo moja. Mimi mwenyewe samaki sili.

Si deko. Tangu utoto samaki na mimi hatupatani: nikila kipande, midomo inavimba na koo linajifunga. Mama yangu aliwahi kukimbia nami mgongoni hadi kituo cha afya akidhani ameshanipoteza. Kupika napika, kuuza nauza, kula hapana. Sikuona kwamba hilo lina uhusiano wowote na karamu. Nilikuwa napikia watu, sijipikii.

Jana nilikwenda kwa jirani yangu, Mama Bahati, kuazima sufuria kubwa. Mama Bahati ni mkulima, ukoo wake umelima kilima hiki tangu enzi za mababu. Anasema machache, na akisema unatamani angenyamaza. Akaniuliza nitapika nini. Nikamwambia, nikijisikia. Akanitazama.

“Ungeleta tu ile munakulaka kwenu,” akasema.

Niliudhika, kusema kweli. Nilielewa kwamba anamaanisha Mnande abaki na vyakula vya Kinande. Nikatabasamu meno tu, nikageuka.

Leo asubuhi sana akaileta sufuria mwenyewe, halafu hakuondoka. Aliketi jikoni kwangu na ungo wake, akachagua maharagi yake polepole huku mimi nikipika. Nikasema huyu amekuja kupeleleza. Niliwaosha samaki kwa maji ya moto, nikawatoa miiba, nikachemsha mawese hadi harufu ya ubichi ikaisha, nikaweka vitunguu na nyanya, nikawalaza samaki bila kuwakoroga wasije wakavunjika. Ilipofika chumvi nilimwita Grâce aonje. Akaonja, akasema sawa. Mama Bahati aliinua macho, akayarudisha kwenye ungo wake.

Baada ya misa tulikusanyika chini ya turubai kwenye uwanja wa kanisa. Sufuria zilipangwa juu ya meza ndefu, kila mama nyuma ya sufuria yake. Watu walikuwa wengi, hata familia zilizorudi karibuni kutoka Mweso walikokuwa wamekimbilia. Papa Anselme akasali. Kisha mama wa kwanza akafunua chungu chake cha sombe, akachota kidogo, akatia mdomoni mbele ya watu wote, akameza, akasema karibuni. Mama wa pili akafanya vile vile.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Desturi hii naijua, nani haijui huku Kivu? Anayekuletea pombe anaonja kwanza, ili ujue hamna sumu, ile wanayoiita karuho. Lakini kwenye chakula cha sherehe sikuifikiria, kwa sababu kwetu akina mama wanapika pamoja kwenye jiko moja, kila mmoja anamwona mwenzake. Hapa kila sufuria imetoka nyumbani kwake, imefunikwa, hakuna aliyejua kilichofanyika njiani. Kwa hiyo kila mpishi anaifungua kwa kinywa chake mwenyewe.

Zamu ilikuwa inasogea. Niliwaza kula kipande kidogo na kumwachia Mungu mengine. Nikakumbuka koo langu, nikakumbuka kwamba pikipiki ya kwenda hospitali siku ya Jumapili yenye matope si ya kutegemea. Na mtu wa kwanza kuvimba midomo baada ya kula samaki wangu awe mimi mwenyewe? Hapo hata Butembo tusingefika salama.

Nikafunua sufuria. Harufu ikatoka, na nikasikia watu wakiisifu. Walisogea. Kisha wakasimama, wakaningoja.

“Mama Grâce,” Papa Anselme akasema kwa upole, “onja basi. Watu iko na njaa.”

“Miye sikulaka samaki, Papa,” nikasema. “Inanigonjwesha tangu utoto.”

Halafu sauti ya mwanamke nyuma: “Sasa ule muntu analeta chakula yenye hakulaka?”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliwaona waliokuwa wamesogea wakirudi nyuma, si kwa ukali, kwa aibu, macho yakitazama miguu. Nikajua hilo ndilo jibu atakalolikuta Kambale. Machozi yalinijaa, na nilikasirika nayo.

Mama Bahati akatoka nyuma ya sufuria yake ya maharagi.

“Hata kule mu jiko yake hakuonja,” akasema kwa sauti ya kusikika na wote. “Nilikuwa pale. Nilimuona na macho yangu.”

Nikafumba macho. Nikasema moyoni, basi, mwanamke huyu amenimaliza.

“Chumvi aliionjesha mutoto wake,” akaendelea. “Nikajiuliza juu ya nini, sasa njo naelewa. Mutoto ule pale, anaruka kamba tangu tulitoka misa. Kuko mama gani hapa atatia sumu mu chakula halafu anapatia kwanza mutoto wake?”

Akanyoosha mkono. Nilimpa sahani bila kufikiri. Akachota samaki, si kipande cha kuonja, kipande cha kula hasa, akatafuna akiwa amesimama mbele ya watu wote. Shirika zima lilimtazama akimeza. Mimi nilitazama mikono yake, ile mikono ya jembe.

“Chumvi iko kidogo,” akasema mwishowe. “Mutoto hajajua chumvi. Pilipili iko wapi?”

Papa Anselme ndiye aliyeanza kucheka. Kisha yule mwanamke wa nyuma, aliyeuliza lile swali, akaja na sahani yake akiwa wa kwanza, akaniambia polepole: “Usisikie mubaya, dada. Tuliona mengi.” Nikamwambia sisikii vibaya. Nilimwekea mchuzi mwingi. Sufuria ikaisha kabla sijamaliza kuwahudumia wazee, watu wakapangusa mawese kwa bugali hadi chuma kikang’aa. Mimi nilikula maharagi ya Mama Bahati. Yalikuwa matamu kuliko nilivyotaka kukiri.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nilimuuliza kwa nini amefanya vile, kama angekosea je? Aliendelea kusugua sufuria.

“Nilikaa mu jiko yako asubuhi yote,” akasema. “Unazani nilikosa kazi?”

Nimelifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi. Nilidhani amekuja kunipeleleza, na kumbe ni kweli alikuwa amekuja kutazama. Alitaka aone, ili akiulizwa awe na la kusema. Alijua sufuria ya mgeni itaulizwa. Na hata ule ushauri wake wa jana nimeuelewa leo: nilete chakula cha kwetu kwa sababu ndicho ninachoweza kula mbele za watu. Nilikuwa nimetafuta chakula cha kupendeza wote, nikasahau kwamba watu wa hapa hawaangalii kwanza sufuria. Wanaangalia mdomo wa aliyeipika.

Sijui kama ningekuwa na ujasiri wake. Kula mbele ya kijiji kizima kwa ajili ya mtu aliyekupa tabasamu la meno tu! Nimeona haya, na pia nimefurahi, vyote viwili viko hapa na hakuna kinachomfukuza mwenzake.

Kabla ya kutawanyika Papa Anselme aliuliza mkutano ujao wa shirika utakuwa nyumbani kwa nani. Kwa kawaida watu wanatazama pembeni, kwa kuwa mwenye nyumba ndiye anayewalisha wote. Mimi nilikuwa nafunga kitambaa kwenye sufuria, sikuinua kichwa. Nikasikia yule mwanamke wa nyuma akisema: “Twende kwa Mama Grâce.”

“Lakini apike ile anaweza kula na siye,” mwingine akaongeza, na wote wakacheka, hata mimi.

Nimempigia Kambale. Mtandao ulikuwa unakatika, alinisikia nusu nusu. Alipoelewa kwamba watu wanakuja kula nyumbani, alinitaka niseme tena. Kisha akauliza, wangapi? Nikamwambia shirika lote, na wake zao, na waume zao, na watoto wao. Akasema basi ataleta na mchele.

Hakutaja Butembo. Mimi pia sikuitaja.

Sasa hofu imebadilika sura. Nimezunguka na tochi kwenye chumba cha mbele, nikahamisha magunia ya chumvi kwa macho, nikapanga na kupangua. Viti havitoshi hata nusu yao. Watakaa wapi watu wote hawa?

Kukicha naanza kutafuta mabenchi.