Mfano wa Furaha Niliompa Bwana Zhao

Alhamisi, mwezi wa tano. Mpanda kuna mawingu tangu asubuhi, mvua imegoma kunyesha, na mimi nimeshinda na hamu ya pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga.

Alasiri nilikuwa na Bwana Zhao, fundi wa mitambo ya barabara kutoka China ninayemfundisha Kiingereza. Leo ilikuwa zamu ya maneno ya shida: suffer, endure, go through. Nilimweleza kwamba suffer ni kuumia tu, lakini endure ni kuumia huku umekaza, hukimbii. Akasema kwa lugha yao, kuvumilia ni kula uchungu. Nikamwambia hata sisi huku tunakula hasara. Tulicheka sana.

Nikaona nimpe na mfano wa furaha, apumue. Nikamsimulia msimu mmoja wa mpunga kijijini kwetu Kasansa, nikiwa na miaka minane, tulipohamia shambani na Mama, mimi na wadogo zangu wawili, tukaishi kwenye kibanda cha nyasi. Mama alisema tumekuja kupiga kambi. Kutwa tulifukuza ndege kwenye mpunga kwa kugonga madebe, jioni anatutwangia pepeta. Sijapata tena raha kama ile.

Bwana Zhao akauliza kwa nini tulihama nyumbani.

Nikajibu bila kufikiri: Baba alikuwa amefariki, ndugu zake wakachukua nyumba.

Akainamia daftari, akaandika kwa Kiingereza, bila kosa: mama yake alivumilia. Nilitaka kumsahihisha, kwamba ule ulikuwa mfano wa furaha. Nikashindwa.

Nina miaka thelathini na nne. Yote hayo nilikuwa nayajua, ila sikuwahi kuyaweka pamoja.

Naona haya kuandika hili. Wiki iliyopita Mama alinipigia, ndege wamevamia mpunga na magoti yanamsumbua, niende nikamsaidie siku mbili tatu. Nikamwambia nina vipindi.

Nimempigia sasa hivi, nikamuuliza kama mwaka ule wa kibandani aliteseka sana.

"Nyie mlikuwa mnacheka mno," akasema. "Mimi nilikuwa nawasikiliza, basi siku inaisha."

Nimelia.

Bwana Zhao nimeshamwambia kesho hakuna darasa. Nitapanda basi la asubuhi hadi Kibaoni, kisha bodaboda mpaka Kasansa, na debe langu nimeshalitafuta. Safari hii Mama akae kibandani acheke. Ndege aniachie mimi.