Ndege Isiyohitaji Uwanja

Bristol, 9 Februari 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku Uingereza haina adabu. Habari za Nanyala? Macho yanaendeleaje?

Umeniuliza ninasomea nini hasa, maana jirani yetu Jenista anawatangazia watu kanisani kwamba nashona mabawa. Mwambie ni injini, ya ndege ya kivita inayopaa wima bila kukimbia uwanjani. Injini inavuta hewa kwa mbele, inaibana, sehemu ya hewa hiyo inaichoma pamoja na mafuta, kisha inaitema yote kwa nguvu kupitia midomo minne, miwili kila ubavu. Rubani akivuta wenzo, midomo inageuka kuelekea chini. Hewa ikisukumwa chini, ndege nayo inasukumwa juu. Unakumbuka mpira wa maji wa mashine ya kumenyea kahawa ulivyomrusha marehemu Baba akakaa kwenye matope? Nguvu ni ile ile. Ikishapanda, midomo inageuzwa nyuma kidogo kidogo, ndege inashika mwendo mpaka mabawa yaibebe.

Mwaka huu sitaweza kuja. Septemba tuna jaribio la injini, na shahada yangu inategemea hilo. Nivumilie, Mama.

Mwanao,
Tulinagwe

Nanyala, 16 Machi 1997

Mwanangu Tulinagwe,

Marahaba, na Bwana asifiwe. Mimi mzima, kahawa imebeba vizuri. Macho ndiyo hayo, yana ukungu. Barua yako nimeisoma ikigusa pua.

Sasa kama ndege yenu haihitaji uwanja, kinachokuzuia ni nini? Nimeshaondoa chanja zote za kuanikia kahawa mbele ya nyumba, pako peupe kabisa. Mwambie huyo rubani asikanyage mibuni yangu. Usinicheke. Nataka kuuona uso wako ningali naona.

Mama yako

Nanyala, 20 Julai 1997

Mwanangu,

Hujambo? Mwandiko usikushtue, ni wa Jenista. Hujanijibu tangu Machi, najua kazi zimekubana.

Tumeanza kuvuna. Kahawa naianika nyuma ya jiko ambako jua halifiki vizuri, na Jenista ananisema kila siku. (Namsema kweli, dada, kahawa inaota ukungu. Mimi Jenista.) Lakini pale mbele sitaki kitu chochote. Jicho la kulia limezima, la kushoto linaona mwanga tu. Daktari anasema tumechelewa. Sikulaumu hata kidogo, maliza kwanza jaribio lako.

Mama yako

Bristol, 4 Agosti 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Nimelia, nikacheka, nikalia tena. Ndege ile ina kiti kimoja tu, cha mwanajeshi, na hewa yake ya moto ingepeperusha kahawa yako yote mpaka barabara kuu.

Ila kuna jambo sikukueleza. Haiwezi kutua wima ikiwa nzito. Rubani humwaga mafuta na kudondosha mizigo, ndipo ashuke taratibu. Basi nami nimemwambia mwalimu wangu wafanye jaribio bila mimi. Shahada itasubiri.

Nakuja na ndege ya kawaida, kisha basi la Tunduma. Nitashuka Nanyala Jumamosi tarehe 23. Jenista akusaidie kurudisha chanja mbele, kahawa ipate jua. Mniachie nafasi ya viti viwili tu, changu na chako. Tutakaa hapo, utanishika uso kwa mikono yako mpaka uuone.

Mwanao,
Tulinagwe